Mwaka Nilioosha Blaindi Safi

Zuhura, binti wa marehemu dada yangu, ana wasichana sita anaowatuma kusafisha nyumba za watu upande wa Kinondoni, wamevaa fulana za kijani zinazofanana. Ameniomba niwaandikie ninyi sita namna ya kusafisha blaindi, vioo vya luva na nyavu za madirisha, kwa sababu anasema video mnazoangalia kwenye simu zinafundisha madirisha ya nchi zisizo na vumbi. Nimekubali, lakini nawaambia mapema kwamba nimechoka. Mkono wangu wa kulia haunyanyuki kupita sikio, na sitaandika kwa mpangilio. Tena kuna jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mwalimu mmoja wa Kijitonyama alipoteza jicho katika mwaka ambao mimi nilikuwa nikimwoshea blaindi, na mtu ambaye angeweza kumwahisha hospitali nilikuwa mimi. Nitafika huko. Kwanza vumbi.

Vumbi la mji huu si la aina moja, na kazi yenu inaanza kwa kulitambua. Nyumba iliyo karibu na barabara ya lami ina vumbi jeusi lenye mafuta, linalobaki kwenye kidole hata ukikifuta kwenye sketi. Nyumba ya mtaa wa ndani, ambako njia ni ya mchanga, ina vumbi jepesi linaloruka ukilipulizia. Gongo la Mboto, ninakoishi, vumbi ni la rangi ya kutu, na ukilitia maji linageuka chai ya maziwa. Blaindi ya jikoni ina vumbi lililokaangwa pamoja na vitunguu, na hilo haliondoki bila maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kwa hiyo mkifika kwenye nyumba msikimbilie ndoo. Pitisha kidole kwanza, ukitazame, ndipo uamue.

Halafu anza pakavu. Msichana anayeanza na maji kwenye blaindi yenye vumbi hajasafisha kitu, ametengeneza tope, na tope hilo litakauka kwenye kamba na kwenye vitundu ambako kidole hakifiki. Zifunge blaindi kabisa ili vile vipande vyembamba, ambavyo mimi naviita mbavu, vitazame upande mmoja. Pangusa kutoka juu kwenda chini. Zigeuze mbavu zitazame upande wa pili, pangusa tena. Baada ya hapo ndipo kitambaa chenye unyevu kinaruhusiwa kusogea. Mimi nilitumia soksi kuukuu ya pamba niliyoivaa mkononi, vidole juu ya ubavu na gumba chini, ninavuta mara moja kutoka kushoto kwenda kulia. Zuhura amenionyesha kifaa alichonunua, kina vidole vitatu vya plastiki vilivyovishwa kitambaa chenye manyoya. Nilikishika, nikakigeuza. Ni soksi ile ile, tofauti ni kwamba hii imesoma.

Kamba msiziloweke. Zikilowa mara kwa mara zinaoza kwa ndani, na siku itakapokatika itakatikia mkononi mwako, na wewe ndiye utakayekuwa umeikata, hata kama ilianza kuoza siku nyumba ilipohamiwa. Blaindi za plastiki msizianike juani, zinapinda. Za mbao ndiyo kabisa, zinapasuka. Zining'inizeni kivulini, zisilale chini.

Mimi mwenyewe kazi hii niliianza kwa kuharibu. Nilikuwa mgeni kwenye nyumba moja ya Msasani, na mama mwenye nyumba akapita akiwa na haraka zake, akaniambia zile blaindi za chumbani nizifue. Akasema fua. Mimi nilikuwa binti wa Tandika, kwetu madirisha yalikuwa na mapazia ya kitenge, na neno fua nililijua vizuri kuliko jina langu la Tatu. Zile za chumbani zilikuwa za kitambaa, za kujikunja kwenye bomba kwa juu, zimekazwa kwa dawa zikawa ngumu. Nikazitoa, nikazitia kwenye beseni na sabuni ya unga, nikazifikicha, nikazikamua kwa mikono miwili, nikazianika. Zilipokauka zilikuwa zimelegea na kujikunyata, na nilipozirudisha dirishani zikagoma kujikunja sawasawa, upande mmoja unapanda na mwingine umebaki chini.

Aliyeniokoa ni Bi Mwajuma. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Temeke, mwembamba, mwenye tambuu mdomoni kutwa nzima, aliyekuwa akisafisha nyumba ya jirani pale Msasani. Kila nilichojua kuhusu kazi hii nilikipata kwake. Alikuja, akatazama dirisha, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akapika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, tukaupaka kile kitambaa, tukakipiga pasi kikakauka, kikawa kigumu kama zamani. Mama alirudi asigundue. Wiki tatu baadaye mende waligundua. Walikula wanga ule pamoja na kitambaa chenyewe, wakaacha matundu, na mama akawalaani mende kwa muda mrefu huku mimi nikimwitikia.

Siku ile ya uji Bi Mwajuma alinifundisha maneno. Sijui kamusi inasemaje, lakini kwake kupangusa kulikuwa kwa kitambaa kikavu, kufuta kwa kitambaa chenye unyevu, kuosha kwa maji yanayotiririka, na kufua ni pale nguo inapofikichwa kwa nguo. Alisema matajiri wanayachanganya maneno hayo kwa sababu hawayafanyi. Akasema tajiri akikuambia fua, usikimbilie beseni, kitazame kitu chenyewe kinataka nini. Hilo lishikeni. Nimelitumia mpaka kwenye makapeti.

Kwenye luva pia niliwahi kuaibika, nyumba moja ya Mwananyamala. Nilitoa vioo vyote vya dirisha kwa mpigo, nikaviosha vikameta, nikavirudisha kama nilivyoviokota. Sikujua kwamba vile vishikio vya kando vinapinda kwa miaka, na kila kioo kimezoea mahali pake. Dirisha likakataa kufunga na mvua ya jioni ile ikaingia mpaka kwenye godoro. Siku hizi luva zinaondoka, watu wanaweka aluminiamu za kusukuma, lakini nyumba za zamani bado ziko nyingi. Bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye kila kioo, andika namba kutoka juu, osha, rudisha kwa namba. Hakuna ujanja mwingine.

Sasa niwaeleze namna nilivyojifunza kunyamaza, maana bila hilo hamtaelewa habari ya Mwalimu.

Ilikuwa Mikocheni. Mama wa nyumba ile alikuwa anatarajia wageni wa posa ya binti yake, na tangu asubuhi alikuwa hana raha. Blaindi za sebuleni nilikuwa nimezifuta, akaja akasema bado chafu. Nikarudia. Akaja tena akasema bado. Mimi nikajibu kwa adabu zangu zote kwamba nimeshazifuta mara mbili, labda anachokiona ni kivuli cha mti.

"Kwani unaniambia mie sioni?" akaniuliza.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nje ya geti na khanga yangu kwenye mfuko wa plastiki. Nilimfuata Bi Mwajuma nikilia, nikamsimulia, naye hakunionea huruma. Alitema tambuu yake pembeni, akaniambia, "Ukiambiwa bado, itikia sawa, urudie. Wewe unalipwa siku, hulipwi ubishi."

Nikaishika kanuni hiyo kwa miaka ishirini na zaidi. Iliniweka kwenye nyumba za watu wakali ambazo wenzangu walikaa wiki moja wakakimbia. Niliambiwa bado mahali ambapo ungeweza kulamba sakafu, nikaitikia sawa, nikarudia, nikaondoka na kazi yangu. Simlaumu Bi Mwajuma, Mungu amrehemu. Alinipa alichokuwa nacho.

Mwalimu Perpetua nilimpata kupitia bintiye, Agnes, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Dodoma na hakutaka mama yake akae peke yake bila mtu wa kuingia na kutoka. Mwalimu alikuwa mstaafu na mjane, mtu wa Songea kwa asili, mrefu, sauti yake ya darasani haikuwa imestaafu. Nilikwenda kwake Jumatatu na Alhamisi. Sebule ilikuwa na madirisha mawili makubwa yenye blaindi za bati jembamba, rangi ya maziwa, na yeye aliketi kwenye dirisha la pili, kwenye kiti cha mbao chenye mikono, akijaza fumbo la maneno la gazeti. Aliniuliza maneno nikiwa juu ya ngazi. Mnyama wa herufi tano anayekaa majini. Nikipatia alifurahi kama nimefaulu mtihani. Chakula tulikula meza moja, na katika nyumba zote nilizofanyia kazi, hiyo ni moja kati ya mbili. Nilimpenda. Naliandika hili ili msije mkadhani kilichotokea kilitokana na chuki.

Kabla ya mfungo wa Ramadhani mwaka ule, Alhamisi moja, nilikuwa nimemaliza na nimevaa khanga yangu ya kutokea. Mwalimu akatazama dirisha na kusema taratibu, "Tatu, bado zina vumbi zile."

Nikaenda nikapitisha kidole. Kidole kilikuwa safi. Nikaitikia, "Sawa, Mwalimu," nikavua khanga, nikarudia.

Jumatatu akasema tena. Alhamisi akasema tena. Akasema zina ukungu. Akasema mwanga hauingii kama zamani, labda sabuni ninayotumia inaacha utando. Nikabadili sabuni. Nikaleta siki kutoka nyumbani, nikachanganya na maji, nyumba nzima ikanuka kachumbari. Nikapita na mswaki kati ya ubavu na ubavu. Kila mara nilipomaliza alisogeza uso karibu na dirisha, akasema bado, kwa sauti ya mtu anayesikitika kumfelisha mwanafunzi wake. Nami kila mara niliitikia sawa.

Mfungo ukaja ukaisha. Nilisugua nikiwa nimefunga, mikono juu, koo kavu. Moyoni nilianza kumchukia kidogo, nakiri. Niliporudi nyumbani nilimwambia dada yangu, mama yake Zuhura, ambaye wakati ule alikuwa bado hai, kwamba yule mwalimu ananitafutia sababu. Dada alisema huyo anataka kukufukuza ila anakuonea haya, wewe ongeza bidii asipate pa kukushika. Nikaongeza bidii. Niliongeza bidii mpaka rangi ya maziwa ikaanza kubanduka kwenye mbavu za chini na bati likaonekana.

Mambo mengine niliyaona kwa macho yangu mawili. Niliona sukari imemwagika kando ya kikombe, si ndani. Niliona michirizi ya chai kwenye kitambaa cha meza, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Niliona Mwalimu anawasha taa saa sita mchana. Niliona mafumbo ya gazeti yana herufi zilizotoka nje ya visanduku, zimepandiana, halafu baadaye niliona magazeti hayajaandikwa kitu, na maswali ya mnyama wa herufi tano yakakoma. Na mimi nilifanya nini? Sukari niliifuta. Kitambaa cha meza nilikifua. Taa niliizima nikidhani amesahau. Magazeti niliyakunja nikayatupa. Kila kitu ambacho kingemwambia Agnes kwamba mama yake haoni, mimi nilikisafisha, na Agnes alipokuja kutoka Dodoma alikuta nyumba inang'aa akanishukuru.

Nimelifikiria hili sana tangu nilipoacha kazi. Sisi wa kazi hii tukiambiwa pana giza tunatafuta uchafu. Hatuna tunachokijua zaidi ya hicho. Mtu mwingine yeyote, muuza genge, fundi wa viti, angesema mama, labda macho. Mimi nilisema labda siki.

Karibu mwaka ulikuwa umepita, mfungo mwingine ulikuwa unakaribia, ndipo Alhamisi moja nikaamua nizishushe blaindi zote mbili nizitoe uani nizioshe kwa maji ya bomba, kitu ambacho kwa blaindi safi ni kazi ya kichaa. Mwalimu alikuwa chumbani, hakunisikia ninavyozishusha. Nikaziweka kwenye beseni kubwa uani, nikazisugua, nikaziacha zijichuje kivulini. Nikaingia ndani kufuta kingo za dirisha. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi, hakuna blaindi wala pazia, jua limejaa sebuleni mpaka ukutani kwa pili.

Mwalimu akatoka chumbani akipapasa ukuta kwa vidole, akaketi kwenye kiti chake. Akaelekeza uso dirishani. Nikangoja aniulize blaindi ziko wapi.

"Leo afadhali kidogo," akasema. "Lakini bado zina vumbi, Tatu. Zile za juu hasa."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kitambaa mkononi. Hapo nilielewa. Sidanganyi, nilielewa yote kwa mara moja, sukari na taa na magazeti. Na nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Niliogopa. Niliisikia sauti ya yule mama wa Mikocheni. Kumwambia tajiri kwamba haoni nilikuwa nimeshakufanya mara moja, tena kwa utani wa kivuli tu, nikajikuta nje ya geti. Tena huyu alikuwa mtu mzima aliyenizidi miaka, mwalimu, na mdomo wangu haukujua njia ya kulisema jambo hilo. Nikatoka uani, nikazikausha blaindi, nikazipandisha mahali pake, nikaaga, nikaenda zangu. Yeye akanishukuru.

Nilikaa na jambo lile Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nilifika nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, na kabla hajasema kitu nikavuta kiti nikaketi mbele yake, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifanya bila kukaribishwa.

"Mwalimu, Alhamisi zile blaindi hazikuwepo dirishani," nikamwambia. "Nilikuwa nimezitoa uani."

Akanyoosha mkono, akachukua gazeti la juu mezani, akaanza kunisomea habari ya ukurasa wa kwanza kwa ile sauti yake ya darasani. Ilikuwa habari ya redio ya asubuhi, na mimi nilikuwa nimeisikia dukani nikinunua mkate. Gazeti alilolishika lilikuwa la wiki iliyopita. Sikumkatiza. Alipofika mwisho alilikunja vizuri, akaliweka chini, akaniambia nimpigie Agnes.

Agnes alisafiri usiku ule ule, na kesho yake tukampeleka hospitali, yeye amemshika mkono wa kushoto na mimi wa kulia. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima kwa muda mrefu, akauliza hali ile ilianza lini. Mwalimu akajibu yapata miezi miwili. Agnes hakujua, akanitazama mimi.

"Si miwili, daktari," nikasema. "Ni tangu kabla ya mfungo wa mwaka jana."

Mwalimu akageuza uso kufuata sauti yangu. Daktari akaandika. Akatueleza kwamba jicho la kushoto lilikuwa limeharibiwa na presha ya macho, na jicho likishaharibiwa hivyo halirudi. La kulia lilikuwa na presha hiyo hiyo pamoja na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho angeweza kuondolewa, dawa ya matone ingeishusha presha, na kitu kingebaki. Agnes akauliza kama mama angeletwa mapema ingekuwaje. Daktari alisita, akasema angeletwa miezi ile ya mwanzo, la kushoto lingebaki linaona. Alilisema kwa upole kabisa, akimtazama Agnes. Mimi nilikuwa natazama sakafu, na nakumbuka ilikuwa imedekiwa vibaya, ina michirizi.

Sasa nyinyi wasichana wa fulana za kijani, nisikilizeni. Haya ya soksi na siki mtayapata popote. Ninalowaomba ni moja. Mkiambiwa bado, na wewe umepitisha kidole ukaona ni safi, usirudie kimya kimya. Chukua kitambaa cheupe, kikavu, mpe mwenye nyumba apanguse mwenyewe, mkitazame wote wawili. Kikiwa kichafu, omba radhi urudie. Kikiwa cheupe na yeye bado anaona vumbi, mwambie. Mwambie kwa heshima, mwite mama au baba, keti chini kwanza ikibidi, lakini mwambie. Zuhura anahofia mtakosana na wateja. Mtakosana na baadhi, kweli, na wengine watawatoa nje ya geti kama nilivyotolewa. Nimeshatolewa, na nimeshanyamaza pia. Najua lipi linauma zaidi uzeeni.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Akarudi akawa anaona kwa kiasi, mtu akiwa karibu anamtambua, mlango anauona, maandishi hapana. Mimi niliendelea kwenda Jumatatu na Alhamisi, nikimsomea maswali ya fumbo na kumwandikia majibu. Hakunilaumu. Agnes naye hakunilaumu, au kama alinilaumu alifanya hivyo Dodoma. Nikaanza kuamini kwamba jambo lile limepita.

Siku moja nilikuwa napangusa dirisha la pili naye ameketi kwenye kiti chake, chai iko mezani. Akaniuliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekaa nacho muda mrefu.

"Tatu, mwaka ule nilipokuwa nakwambia zina vumbi. Zilikuwa nalo?"

"Hapana, Mwalimu. Zilikuwa safi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole. Nikajitetea. Nikamwambia niliogopa, nikamwambia habari ya Mikocheni, na kwamba nilijua mtu wa kazi hawezi kubishana na mwenye nyumba akaaminiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza watoto wa watu kwa miaka yote ile.

"Mie ungeniambia ningekuamini," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha jibu, kisha akapapasa meza akitafuta kikombe chake, nikamsogezea. Nilimwambia naenda kusuuza kitambaa. Nikatoka uani, nikafungua bomba mpaka mwisho, maji yakamwagika bure chini, ili asinisikie ninavyolia.